Mbatata Isiyochipua

Mama wa nyumbani afunguapo kapu lake la mbatata huweza kujiuliza: "Mbona hizi zimekaa miezi na hazijachipua? Zimetiwa nini?" Swali hili ni jema. Ila wako miongoni mwetu walijibuo kwa haraka, wakasema zimepigwa mionzi, na muuzaji akaitwa laghai mbele ya watu kabla ushahidi haujapatikana. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kulieleza jambo hili.

Kumulika mazao kwa mionzi si hadithi. Mwaka 1974, huko Shihoro katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, kilianza kazi kiwanda cha kumulika mbatata kwa mionzi ya kobalti-60. Kipimo cha kuzuia kuchipua ni kidogo, kama grei 50 hadi 150. Chatosha kuyalemaza macho ya mbatata, wala hakiifanyi mbatata yenyewe kutoa mionzi. Kwa sababu hiyo, chombo cha kupimia mionzi kikiwekwa juu yake hakitatufunulia siri hiyo. Tena mwaka 1980 wataalamu waliokutanishwa na mashirika ya kimataifa ya chakula, afya na nguvu za atomiki waliamua kwamba chakula kilichomulikwa kwa wastani usiozidi kilogrei 10 hakina madhara ya sumu.

Je, kutochipua kwatosha kuwa dalili? Hakutoshi. Baridi ya ghala huzuia kuchipua, na dawa za ghalani huzuia vilevile, na aina nyingine za mbatata kwa tabia yao hukawia kuchipua.

Shahidi anayefaa kuulizwa ni vumbi. Chembe za udongo zilizoshikamana na ganda hunasa sehemu ya nguvu ya mionzi na kuihifadhi. Katika maabara wataalamu huzitenga chembe hizo na kuzipasha moto, nazo hutoa mwanga hafifu unaopimwa kwa chombo. Kisha chembe zilezile humulikwa kwa kipimo kinachojulikana na kupashwa moto tena, ili mwanga wa kwanza ulinganishwe na wa pili. Basi apelekaye mbatata kupimwa asizioshe wala asizianike juani, kwani maji huliondoa vumbi, na mwanga wa jua huififisha alama.

Jikoni hatuna kipimo cha namna hiyo. Tegemeo letu ni maandishi yaliyo juu ya mfuko na ukweli wa mwenye kuuza. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 1999, zimelazimisha kila chakula kilichomulikwa kiandikwe hivyo. Hata kama kitu hakidhuru, mnunuzi ana haki ya kujua alichonunua.

Tukumbuke habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye lundo la chakula. Alitia mkono ndani, akakuta unyevu, ndipo akamwuliza mwenye mali. Wafanyabiashara wetu hujifunza hapo kutoficha. Nasi wanunuzi tuna letu la kujifunza: hakusema neno kabla ya kutia mkono, na alipokuta kasoro alianza kwa kuuliza. Tumwulizeni muuzaji mbatata zake zimetoka wapi na zimehifadhiwaje, wala tusimvunjie heshima yake kwa dhana tupu.