Kadi Mbili, Vitenzi Vitatu

Sisi wapenzi wa lugha tumebishana vya kutosha juu ya kompyuta na tarakilishi. Miaka nenda miaka rudi tunauliza kifaa kiitweje, ilhali vijana wanaotengeneza filamu hapa Bagamoyo wanapoteza fedha kwa sababu ya kitenzi kimoja, na hakuna anayekisemea.

Kitenzi chenyewe ni kuunganisha. Kijana ana kompyuta ya mezani yenye kadi moja ya michoro, yaani kile kipande kinachochora kila picha ionekanayo kwenye skrini, ambacho mafundi hukiita jipiyu. Kasi haimtoshi anapohariri. Anaambiwa bodi kuu ina nafasi ya kadi ya pili, anatafuta nyingine iliyokwisha tumika, ya aina tofauti na ile ya kwanza, kisha anajigamba: "Nimeziunganisha." Kwa Kiswahili fasaha, vilivyounganishwa vimekuwa kitu kimoja. Basi anatarajia kadi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu na kadi ya gigabaiti 8 zimpe 12. Hazimpi. Mmoja niliyepata kumfundisha alitoa malipo ya harusi tatu alizorekodi, akaongeza na pawasaplai kubwa kwa kuwa ile ya zamani isingehimili kadi mbili. Filamu yake iliendelea na mwendo ule ule wa kobe.

Najua atatokea wa kusema kosa si la lugha, kijana asome Kiingereza. Sikubaliani naye. Waingereza nao husema tu kwamba wanatumia kadi mbili, na humo hufichika mambo matatu yasiyofanana. Sisi tuna vitenzi vya kuyatenganisha, tena vyenye kiambishi kile kile cha kutendana ambacho kila mwanafunzi wa kidato cha tatu hukariri.

Kwanza ni kupokezana. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2. Mbili zikiwekwa pamoja, moja ilichora mistari witiri ya picha na mwenzake mistari shufwa, mshororo kwa mshororo, hadi picha ikatimia. Mtunzi aliyewahi kutunga kwa zamu na mwenziwe haelezwi mara mbili kwa nini kadi hizo zilipaswa kufanana: mmoja akitoa mizani 16 na wa pili 12, ubeti hausimami. Nvidia ilikuja na SLI yake mwaka 2004, ATI ikafuata na CrossFire mwaka 2005, na mara nyingi zamu ikawa ya picha nzima badala ya mstari. Hata hivyo sharti la kufanana lilibaki. SLI ilitaka kadi za muundo mmoja, CrossFire angalau za ukoo mmoja. Njia hiyo sasa imefifia, na kuanzia mwaka 2021 Nvidia iliacha kuiandalia SLI mipangilio mipya. Mwenye kadi mbili tofauti asiingoje.

Pili ni kugawana, na hapa ndipo kadi tofauti zina heshima yake. Moja huhudumia skrini, nyingine huachiwa kukokotoa michoro ya pande tatu katika programu kama Blender. Nendeni TaSUBa siku ya ngoma mkasikilize chapuo na msondo. Hakuna anayejumlisha sauti zake apate ngoma moja kubwa zaidi. Kila moja ina kazi, na mpigaji anajua ipi aipige lini. Katika kompyuta mpigaji huyo ni programu. Zipo zinazojua kuchagua kadi, na zipo zinazotumia moja tu huku ya pili ikila umeme bure. Hata Blender, inayoweza kuzitumia kadi mbili za Nvidia za umri tofauti kwa kazi moja, kwa kawaida huipa kila kadi nakala yake ya mandhari yote. Ndiyo maana 4 na 8 hazikuwa 12. (Kadi za kampuni hasimu zina kisa chake. Mwaka 2009 Nvidia iliizuia PhysX yake isifanye kazi kwenye kadi yake pale ilipogundua kadi ya kampuni nyingine katika kompyuta ile ile. Huo ni uke wenza mtupu.)

Tatu ni kukabidhiana. Kompyuta mpakato nyingi zina wachoraji wawili bila mwenyewe kujua. Katika mpango wa Optimus wa mwaka 2010, yule wa Nvidia huchora kazi nzito, kisha humkabidhi yule mdogo wa Intel aionyeshe.

Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na orodha za istilahi nilizopata kuzitumia darasani zilijaa nomino. Nazishukuru. Lakini kadi ya michoro ikiitwa kadi ya picha, hakuna atakayepoteza shilingi. Ikisemwa imeunganishwa ilhali imegawana, yupo atakayeuza kamera. Kwa tendo la kuiweka kadi ya pili mahali pake napendekeza kuchomeka, neno la mafundi wenyewe, lisiloahidi lolote zaidi ya kwamba kadi imeingia. Baada ya hapo mnunuzi amuulize muuzaji kabla ya kutoa fedha: hizi zitapokezana, zitagawana, au zitakabidhiana? Kama kuna mwenye kitenzi bora kuliko hicho cha tatu, ambacho mimi mwenyewe nakiona kirefu mno kwa dukani, alete.