Hotuba za Mwalimu: Mirathi au Amana?

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka huo huo nchi yetu ilipata Sheria ya Hakimiliki, iliyolinda kazi ya mtunzi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Je, warithi wa kiongozi walipwe kwa hotuba zake?

Wapo wanaodhani kuwa fiqhi haitambui mali isiyoshikika. Sivyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki ya utunzi ni mali na haijuzu kuidhulumu. Basi Mabepari wa Venisi (1969), aliyoitafsiri Mwalimu kwa kalamu yake, faida yake ni ya warithi, wala hatuoni haya kulisema.

Hotuba ya Rais ni jambo jingine. Alilipwa na umma, na mitambo ya Redio Tanzania iliyomrekodi iligharimiwa na umma huo huo, wakulima wa Gwata wakiwamo. Cha Baitul-mali hakigawiwi kwa mafungu ya mirathi.

Huko Marekani, mahakama ya rufaa ilikataa mwaka 1999 hoja kwamba hotuba ya Martin Luther King ya 1963 imekwisha kuwa ya umma kwa kusikiwa na maelfu. Lakini King hakuwa na cheo cha serikali. Kwa kipimo hicho, hotuba ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, aliyoitoa Mwalimu akiwa amekwisha kung'atuka, warithi wana hoja nayo.

Hotuba za Ikulu, tunaiomba TBC izifungulie shule na madrasa bila malipo. Mchuuzi anayezirudufu na kuziuza naye azuiwe. Hana haki kuliko watoto wa marehemu.