Stelingi ngumu si lazima iwe pampu

Imekuwa desturi katika gereji nyingi za njia ya Dar es Salaam hadi Kigali, kuanzia Kahama, Benaco na hata huku kwetu Nyakarambi. Dereva akisema stelingi ya lori imekuwa ngumu, fundi anajibu palepale kuwa pampu imekufa. Pampu inafunguliwa, nyingine inatafutwa, tajiri anapigiwa simu atume pesa. Lori linaondoka, na baada ya kilomita chache stelingi ni ngumu vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

Tabia hii ya kubadilisha spea kabla ya kupima inawaumiza zaidi wafanyabiashara wadogo, hasa ndugu zetu waliorudi nyumbani na akiba yao yote wakaiweka katika lori moja la mkononi. Kampuni kubwa lori moja likilala, mengine yanatembea. Mwenye lori moja likilala siku nne Benaco, vitunguu vinaoza, mteja anakwenda kwa mwingine, na pesa ya mzigo unaofuata imeishia kwenye pampu ambayo haikuhitajika.

Halafu kuna roho za watu. Pawa stelingi ikikata, magurudumu bado yanaweza kugeuzwa, lakini kwa nguvu ambazo dereva mwenye mzigo hawezi kuzipata haraka kwenye kona. Pande zote mbili za Rusumo barabara inateremka kuelekea mto Kagera. Hapo darajani pia ndipo gari linapohama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara. Daraja jipya lililozinduliwa Aprili 2016 na Rais Kagame na hayati Rais Magufuli limeturahisishia kazi, lakini halimsaidii mtu ambaye lori lake halishiki njia.

Tuelewe kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Katika malori mengi tunayotumia, injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye boksi la stelingi, na boksi ndilo linalosaidia kugeuza magurudumu ya mbele. Kwa hiyo hitilafu inaweza kuwa kwenye mafuta, filta, mipira, mkanda, pampu, boksi, au kwenye vyuma na matairi ambavyo havihusiani na mafuta kabisa.

Dereva na utingo wanaweza kupata dalili nyingi bila kulipa hata senti. Wafungue tangi la mafuta ya stelingi. Mafuta haya hayaungui, hivyo yakipungua yamevuja. Yakiwa na povu, hewa inaingia, mara nyingi kupitia mpira unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Hewa hiyo ndiyo inayofanya pampu ilie, na wengi wakisikia mlio huo wanaihukumu pampu bure. Anayetafuta uvujaji apitishe kipande cha kadibodi, asipitishe kidole, kwa kuwa mafuta yenye presha hutoboa ngozi.

Kama stelingi ni ngumu injini ikiwa taratibu na inalainika ukikanyaga mafuta, hapo kuna sababu ya kushuku pampu, au mkanda unaoteleza kwa magari yenye mkanda. Ikiwa ni ngumu upande mmja tu na laini upande wa pili, usinunue pampu. Pampu haijui kulia wala kushoto. Hapo boksi ndilo la kuangaliwa.

Ikiwa ni ngumu pande zote na mafuta yako sawa, lori lipigwe jeki mbele na kuwekewa vigingi imara, injini ikiwa imezimwa. Fundi aachanishe fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye gurudumu, kisha asukume magurudumu kwa mikono. Yakigoma, king pini zimekauka au zimeliwa, na pengine grisi ingetosha. Usukani ukicheza sana kabla magurudumu hayajageuka, mmoja akae kwenye kabini autikise, mwingine aangalie chini ni kiungo gani kinachocheza.

Tusisahau matairi ya mbele yasiyo na upepo wa kutosha, na mzigo uliosukumwa mbele kupita kiasi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, lakini mzani unapima pia kila ekseli. Lori linaweza kuwa chini ya tani hizo na bado ekseli ya mbele ikawa imeelemewa.

Baada ya hayo yote, fundi makini anafunga geji ya presha kati ya pampu na boksi, analinganisha na kipimo cha kiwanda, na anajua mwenye kosa ni nani. Geji moja inahudumia malori mengi kwa miaka. Fundi anayejiita bingwa wa malori bila kuwa nayo anabahatisha kwa pesa za watu. Na pampu ikithibitika kufa, mafuta ya zamani yamwagwe, njia zisafishwe na filta ibadilishwe, la sivyo unga wa chuma ulioachwa na ile ya zamani utaila mpya.

Wenye malori nao wana lawama yao. Wengi wako tayari kulipia spea inayoonekana kwa macho, lakini hawataki kumlipa fundi kwa saa mbili za kupima. Ndiyo maana mafundi wamejifunza kuuza pampu. Tukubali kulipia upimaji, tumwulize fundi amepima nini na ameona nini kabla ya kutuma pesa, na tudai spea ya zamani irudi na gari. Dereva akisema stelingi si nzuri, asiambiwe ajikaze afike kwanza.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ugonjwa wa lori uko uvunguni, na simu ya tajiri kutoka Kigali haiwezi kuuona.