Kuvuta Si Kazi, Kazi Ni Kusimama

Juzi nilivuta trela la viti na masufuria ya harusi kwa pikapu yangu ndogo. Kwenye mteremko wa Mazeras likaanza kuyumba huku na huku, nasi ndani twatoa shahada. Niliachia mafuta polepole, likatulia.

Kosa lilikuwa langu: vizito nilivilundika nyuma. Mvuta mkokoteni angenicheka, kwani mzigo ukilalia nyuma, mkokoteni humnyanyua. Trela nalo lataka kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ilemee ndoano ya gari.

Basi ndugu zangu, tusijisifu kwa nguvu za injini. Kuvuta ni rahisi. Kusimama ndiko kuna kazi. Abiria ni amana, na tawakali haimwondolei dereva wajibu wa kupima mzigo.