Gari lililoongezwa nguvu: mnunuzi wa Maniema asinunue mngurumo

Kunako soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, hakuna mama anayenunua samaki kwa kusikia sifa zake. Anamgeuza, anafungua mashavu yake atazame kama yangali mekundu, anambonyeza tumbo, ananusa. Kisha ndipo anauliza bei. Soko hilo ni la tangu zamani. David Livingstone, aliyefika huko mwaka 1871, aliandika jinsi wanawake walivyolijaza na jinsi walivyojua kupatana bei.

Lakini siku jamaa hiyohiyo inapotaka kununua gari kwa akiba ya miaka mitano, akili ya soko inaachwa nyumbani. Wanaume wanasimama nyuma ya gari, muuzaji anakanyaga mafuta, motere inanguruma, moshi mweusi unatoka kwa nguvu, na kila mtu anapiga kelele: «Hii iko na nguvu!» Hapohapo dola zinaanza kuhesabiwa. Samaki wa siku moja amepimwa kuliko gari la maisha.

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya zamani, yenye motere ya mazuti, iliyofanya kazi kwenye mradi, shirika la msaada au kampuni, kisha ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wawili au watatu. Njiani imebadilishwa. Mmoja ameiwekea turbo, mwingine ameiinua juu, mwingine ameivisha magurudumu makubwa, mwingine amehamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Inapofika Kasongo, Kabambare au Nyangwe, muuzaji anahesabu kila badiliko kuwa sababu ya kuongeza bei. Ukweli ni kwamba mengi kati ya hayo yangepaswa kuwa sababu ya kuipunguza.

Tamaa ya nguvu si ugonjwa wa Maniema peke yake. Mwaka 1964, huko Marekani, Pontiac ilichukua motere kubwa ya silinda 8 ikaiingiza katika gari la ukubwa wa kati, ikaliita GTO. Vijana wakalipenda sana, na viwanda vingine vikafuata na magari yao ya misuli. Leo magari yale ni mali ya wakusanyaji. Lakini wanunuzi wa huko wamejifunza jambo moja: kabla ya kusikiliza mngurumo, wanalinganisha namba ya motere na namba ya shasi, wajue kama motere ile ndiyo iliyotoka kiwandani pamoja na gari. Ikiwa si yenyewe, bei inashuka, hata kama motere mpya ina nguvu zaidi. Watu wenye garaji kila mtaa na lami kila upande wanaogopa gari ambalo historia yake haijulikani. Mtu wa Kabambare, ambaye akiharibikiwa njiani anaweza kulala porini siku tatu, angepaswa kuogopa zaidi.

Chukua mfano wa turbo, maana ndiyo inayodanganya wengi. Land Cruiser nyingi za kazi zilizoletwa Congo tangu mwaka 1990 zina motere ya 1HZ: silinda 6, ujazo wa lita 4.2, farasi karibu 130, bila turbo. Haikimbii sana, lakini inavumilia, na fundi anaweza kuitengeneza bila kompyuta. Toyota iliijenga hivyo kwa makusudi. Ndani yake hewa inabanwa sana, zaidi ya mara 22, na mazuti yanawaka kwanza katika kichumba kidogo kabla ya kusukuma pistoni. Toyota ilipotaka turbo kwenye motere ya ukubwa uleule, ilitengeneza motere nyingine, ambayo hewa inabanwa chini ya mara 19 na mazuti yanaingia moja kwa moja.

Basi fundi anapofunga turbo juu ya 1HZ na kufungua pampu ili mazuti yaingie mengi, gari linapata nguvu kweli. Lakini joto nalo linapanda. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Linapobeba mchele na kupanda mlima katika matope kwa gia ya chini, saa nzima, kulasi inaanza kupasuka na pistoni kuungua. Turbo inaweza kufungwa vizuri na fundi anayepima joto na asiyezidisha mafuta. Lakini anayeuza gari kwa moshi mweusi anatangaza mwenyewe kwamba mafuta yamezidishwa. Moshi mweusi ni mazuti yaliyokosa hewa ya kutosha. Si nguvu, ni hasara inayotoka kwa bomba.

Moshi una lugha yake, na mnunuzi anapaswa kuijua. Moshi wa buluu unasema motere inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata motere ikiwa imepata joto unasema mazuti hayawaki vizuri au maji yanaingia ndani. Ndiyo maana gari linatazamwa asubuhi, motere ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla mnunuzi hajafika, huenda ana jambo analoficha. Ni vema kuweka mkono juu ya boneti kwanza. Ikiwa ina joto, mnunuzi aende zake na arudi kesho bila kutoa taarifa.

Baada ya motere inakuja shasi. Hapo ndipo watu wanakufa. Gari lililobeba mizigo mingi miaka mingi linapasuka pale resori zinaposhikamana na shasi, na pale boksi la usukani lilipofungwa. Mafundi wanalehemu, kisha wanapaka rangi nyeusi chini yote. Rangi mpya chini ya gari la miaka 20 si usafi, ni swali. Mnunuzi achukue tochi, alale chini, akwangue kidogo pale chuma kilipovimba.

Swali kubwa zaidi linahusu usukani. Tanzania na Kenya, ambako magari mengi ya Japani yanapitia, watu wanaendesha upande wa kushoto. Congo inaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo wako wanaohamisha usukani, na pamoja nao pedali na breki. Kazi hiyo ikifanywa kwa piesi za gari lililotoka kiwandani na usukani wa kushoto, inaweza kudumu. Ikifanywa kwa kukata mti wa usukani na kuulehemu, hiyo ni hukumu inayosubiri tarehe. Mti wa usukani ukikatika katika mteremko, hakuna shofere hodari. Gari la namna hiyo halina bei nzuri, hata likitolewa kwa nusu.

Magurudumu makubwa na gari lililoinuliwa vinapendeza machoni, na kwa kweli vinasaidia pale matope yamechimbwa na kamiyo. Lakini vina gharama yake. Gurudumu likizidi lile la kiwanda kwa asilimia 10, gari lililotembea kilomita 220 linaandika 200 tu. Kwa hiyo kilomita zinazosomwa si za kweli, na breki zinafanya kazi kuliko zilivyopangiwa. Gari lililoinuliwa, tena lililopakiwa magunia hadi juu na watu wakaketi juu ya magunia, linaanguka upesi. Barabara za kusini mwa Maniema zinajua mambo hayo.

Wako watakaojibu kwamba maneno haya ni ya watu wa mjini. Watasema gari ambalo halijaguswa halipatikani kusini mwa Maniema, au likipatikana ni la shirika lenye feza. Watasema pia kwamba mafundi wa Kasongo wamefufua magari ambayo wazungu waliyatupa. Hayo yote ni kweli, na mafundi hao wanastahili heshima. Lakini kutengeneza ni jambo moja, kuongeza ni jambo lingine. Fundi anayeongeza chuma kimoja cha resori ili gari libebe mchele, anayepandisha bomba la hewa ili maji ya mto yasiingie ndani ya motere, anayefunga tanki la pili kwa sababu mazuti hayapatikani kila kijiji, huyo anajibu shida ya barabara. Mabadiliko ya namna hiyo yanaonekana kwa macho na yanaweza kuondolewa kwa siku moja. Yanafaa kulipwa. Anayeongeza nguvu ambayo shasi, breki na kulasi havikupangiwa, huyo amekopa kwenye uhai wa gari, na mnunuzi ndiye atakayelipa deni.

Kwa hiyo maswali matatu yanatosha kutenga badiliko jema na baya. Nani alilifanya, na je, anaweza kuonyeshwa? Lilifanywa kwa kazi gani? Na likiharibika Kabambare wakati wa mvua, piesi yake itatoka wapi? Swali la tatu ndilo mfalme. Piesi za 1HZ ya kawaida zinajulikana na mafundi wengi wa mashariki mwa Congo. Turbo iliyotolewa kwenye gari lingine, na bomba lililokunjwa na fundi asiyejulikana, havina piesi popote. Gari litasimama kwa sababu ya kitu kidogo, na linaposimama halilipi shule ya watoto wala deni la likelemba.

Makaratasi nayo ni sehemu ya gari. Namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ile ya carte rose na ile ya karatasi za duane. Ikiwa namba imekwanguliwa, au kipande cha shasi kimekatwa na kulehemiwa karibu na namba, biashara iishe hapo. Namba ya motere ya 1HZ inaanza kwa herufi zake zenyewe, 1HZ. Ikiwa muuzaji anasema 1HZ na chuma kinasema lingine, chuma hakina sababu ya kudanganya. Tena serikali ya Waziri Mkuu Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, ilitoa amri mwaka 2012 ya kukataza kuingiza nchini magari ya zamani ya zaidi ya miaka 10. Anayenunua gari la zamani lisilo na makaratasi ya duane ananunua pia maneno na kila kizuizi cha barabarani.

Inabaki bei. Kanuni ya haki ni rahisi: mnunuzi atafute kwanza bei ya gari la aina ileile na umri uleule ambalo halijaongezwa nguvu. Badiliko la nguvu lihesabiwe sifuri. Kisha aondoe gharama ya kurudisha gari katika hali yake. Kwa mfano tu, ikiwa gari la kawaida ni dola 12,000, na muuzaji anaomba 14,000 kwa sababu ya turbo, lakini kuondoa turbo, kurudisha pampu na kukagua kulasi kutakula dola 2,500, basi gari hilo ni la dola 9,500. Akikataa, si dharau. Atampata mpenda mngurumo mwingine.

Na kabla ya kutoa hata dola moja, gari lijaribiwe kwa kazi litakayofanya. Lipakiwe magunia, lipande mlima, lirudi. Kisha motere iachwe ipoe, maji ya radiatere yatazamwe kama yamepungua au yana oili. Mwenye gari jema hakatai jaribio hilo, mradi mnunuzi alipe mazuti. Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, asiyepata kamisyo kwa muuzaji, na amlipe hata kama gari halikununuliwa. Ujira wa fundi mwaminifu ni mdogo kuliko kulasi moja.

Jambo hili si la mnunuzi peke yake. Kusini mwa Maniema gari moja ni la watu wengi. Ndilo linalotoa mchele na mafuta ya mawese vijijini, ndilo linalobeba wafanyabiashara, na usiku ndilo linaloombwa kumkimbiza mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi hospitali kuu ya Kasongo. Usiku huo hakuna atakayeuliza lina farasi wangapi. Watauliza kama litawaka, kama breki zitashika, na kama litafika.

Mama wa soko la Nyangwe anajua kwamba samaki mwenye rangi nzuri anaweza kuwa ameoza ndani. Siku ya kununua gari, wanaume wangefanya vema kumchukua na yeye.