Dawa ya Magugu Haifi Siku Moja



Mwezi uliopita mzee mmoja wa hapa Mwabungo alifika ofisini na swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Jirani yake alikuwa amesuuza bomba la dawa ya magugu karibu na kisima wanachochota watu wote, na alipoonywa alisema, "Dawa hii ikigusa udongo imekwisha kufa." Mzee alitaka kujua kama maneno hayo ni kweli.

Ni kweli nusu, nami naona nusu hiyo ndiyo inayotuponza.

Tuanze na glaifoseti, ambayo wengi wetu twaijua. Ikifika chini hushikwa na chembe za udongo wa mfinyanzi, kama rangi inavyoshika nguo. Hapo haiui magugu tena, lakini haijaondoka. Wanaoimaliza ni vijidudu wa udongoni wasioonekana kwa macho, nao huila kidogo kidogo. Kwa kawaida nusu yake huisha kwa siku kama 47. Pengine siku chache tu, pengine miezi kadhaa, kwa kadiri ya udongo, unyevu na joto. Tena siku 47 nyingine hazimalizi nusu iliyobaki, bali hupunguza nusu ya hiyo. Ni hesabu ya shuleni: gramu 100 huwa 50, kisha 25, kisha 12 na nusu. Na ikivunjika huacha kitu kiitwacho AMPA, ambacho hukaa udongoni kuliko dawa yenyewe.

Atrazini, iliyotumiwa sana katika mahindi, ina tabia nyingine. Udongo hauishiki sana, hivyo hufuata maji ya mvua kwenda chini. Katika maji ya mto au bwawa zaweza kupita siku 200 na nusu yake bado haijaisha. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004 kwa kuwa ilikuwa ikipatikana katika maji ya chini ya ardhi kupita kipimo chao, nacho ni gramu 1 katika lita milioni 10.

Sasa tazameni ardhi yetu. Tumekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe yenye nyufa. Mfinyanzi ni haba na maji hupita upesi. Siku zilizohesabiwa katika udongo wa nchi nyingine haziwezi kuwa ahadi kwa kisima chetu.

Wengine husema basi tusuuze bwawani, maji mengi yataizimua. Lakini chini ya bwawa kuna tope lisilo na hewa. Dawa ya 2,4-D, ambayo katika udongo wenye hewa nusu yake huisha kwa wiki moja hivi, katika tope la namna hiyo hukaa miezi. Na maji yakifurika huenda baharini, kwenye nyasi ambazo tafi huzila. Atrazini huzuia mmea usijitengenezee chakula kwa mwanga wa jua, wala haichagui kati ya gugu la shambani na nyasi za bahari.

Sisemi tuache dawa. Vijana wamekwenda kutafuta kazi katika hoteli za Diani, na mama mmoja hawezi kupalilia ekari tatu kwa jembe. Lakini naona kamati ya skimu ikate shauri kabla ya masika: bomba lisuuzwe shambani, na maji yale yapulizwe juu ya shamba lile lile, kando ya kisima litumike jembe na panga, wala asipulize mtu dawa mvua ikiwa imefunga. Nami nakiri kwamba nilipokuwa mwalimu niliwaamuru wanafunzi wasuuze bomba la shamba la shule kijitoni. Hakuna aliyenikataza, wala mimi sikuuliza.

Mzee nilimjibu hivyo alipokuja tena. Akasema, "Vema, mwanangu, sasa nani atamwambia jirani?" Tumepatana kwenda pamoja Jumamosi.