Usimpe mbwa dawa ya usingizi, anza na chanjo

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane kwa ajili ya kikohozi. Tulipomaliza, akasogeza kiti. "Dokta, nina ombi jingine. Mwezi ujao tunamfuata baba yao Ujerumani, na mbwa wetu tunakwenda naye. Niandikie dawa kidogo ya usingizi asisumbue kwenye ndege."

Nilikataa. Dawa hizo hushusha presha na kupunguza kasi ya kupumua, na mbwa aliyeleweshwa huyumba kizimbani akashindwa kujiweka sawa. Akisafiri sehemu ya mizigo, hakuna wa kumtazama. Wenye pua bapa, kama bulldog na pug, wako hatarini zaidi. Mashirika mengi ya ndege huwakataa mbwa waliopewa dawa hizo. Cha maana ni kumzoesha kizimba wiki kadhaa kabla, alale humo, ale humo. Kiwe kikubwa cha kumtosha kusimama na kugeuka.

Lakini kilichonishtua ni huo "mwezi ujao". Umoja wa Ulaya unadai mbwa anayetoka Tanzania awekwe kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Zipite siku 30, ndipo atolewe damu ipimwe kinga kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja huo. Majibu yakiwa mazuri, mnasubiri miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu. Cheti cha afya huja mwishoni, ndani ya siku 10 kabla ya kufika. Hesabu mwenyewe: miezi minne na zaidi.

"Yote hayo kwa mbwa mzima?" mama akauliza.

Ndiyo, na mimi niko upande wa sheria hiyo. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa mwilini wiki hadi miezi bila dalili, na ndiyo maana ya kule kusubiri. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema wanne kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Kinachoniudhi ni kwamba wengi wetu hukumbuka chanjo siku tunayotaka kupanda ndege, wakati mbwa amecheza na watoto wetu miaka yote.

Nikamuuliza mbwa wao alichanjwa lini. Hakukumbuka. Mtoto akadakia: "Huwa ananing'ata tukicheza," akanionyesha kifundo cha mkono. Kovu lilikuwa la miezi mingi na mbwa bado mzima, kwa hiyo hilo halikuwa na hofu. Lingekuwa jeraha jipya la mbwa asiyechanjwa, ningetaka lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto aletwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Basi wao watatangulia. Mbwa atabaki kwa bibi, na kesho yake alipelekwa kwa daktari wa mifugo. Mtoto alitaka kujua kama atamsahau. Nikamwambia aache fulana yake moja isiyofuliwa, bibi aitandike kizimbani.